Kisima Nilichokiandikia Fomu

Jumatano, tarehe 18 Julai 1984, nilimpoteza kaka yangu. Alifia ndani ya kisima chake mwenyewe, nje kidogo ya Ibra, na mashine ya maji ilikuwa inapiga pembeni yake. Mimi nilikuwa juu, hatua chache tu kutoka pale. Sikusoma sana, niliishia darasa la sita, na kuandika si kazi yangu. Lakini habari hii imesimuliwa kwa namna nyingi, na katika masimulizi yote hayo mimi simo. Nami nimo. Fomu niliijaza mimi kwa mkono wangu.

Tulikuja Omani mwaka 1973, Waomani wa Afrika walipoitwa warudi, kaka, mkewe na mimi. Tulizaliwa Tabora. Baba alikuwa na duka huko, lakini kaka hakulipenda duka. Alipenda ng'ombe. Alikuwa nao kumi na saba alipoambiwa tunaondoka, na siku ya kuwauza alikaa chumbani mpaka mnunuzi alipokwisha kuwaswaga wote. Baba alikuwa ameshakufa. Alichotuachia Ibra ni kipande cha ardhi cha babu, kando ya wadi, yaani bonde la mto mkavu, mawe na miiba.

Tulipokiona tulifurahi. Kwetu sisi mtu mwenye ardhi ana kitu. Hatukujua kwamba huku ardhi ni jambo moja na maji ni jambo jingine. Maji ya falaji, ule mfereji wa kale unaonywesha mitende ya kijiji, yana wenyewe, na kila mmoja ana zamu yake, anairithi, anaiuza, anaiweka rehani. Babu aliuza zamu yake apate nauli ya kwenda Afrika. Kwa hiyo kaka alirithi ardhi kavu, na kijijini kila mtu aliijua habari hiyo kabla yetu.

Aliyetuambia alikuwa wakili wa falaji, yaani mzee anayesimamia zamu za maji. Alikaa Unguja miaka ishirini akiuza kahawa, na Kiswahili chake kilikuwa cha mjini hasa. Siku ya kwanza tulimwamkia, "Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Nyinyi ndio Wazanzibari wapya?"

"Sisi tumetoka Tabora, bwana," kaka akasema. "Zanzibar tumeiona kwenye ramani tu."

"Hapa kila aliyetoka Afrika ni Mzanzibari, hata akitoka Kongo. Lakini nasikia kweli. Watu wa bara mnasema kama mnapasua kuni."

Kaka alicheka. Kisha akauliza atapata wapi maji, na mzee akamwambia lile la babu. Kaka hakucheka tena siku ile. Njiani aliniambia, "Mdogo wangu, mtu asiye na maji hapa ni mgeni tu. Hata angekuwa na kaburi la babu yake."

Basi hilo ndilo alilolitaka kwa miaka yote kumi na moja iliyombakia. Hakutaka utajiri. Alitaka maji yake, aitwe mtu wa pale.

Alianza na kibarua cha kujenga barabara, akachimba kisima taratibu na vibarua wawili, karibu na nyumba. Maji yalionekana mwaka wa pili. Tukateka kwa ndoo. Akanunua ng'ombe mmoja mwekundu, kisha wa pili. Ng'ombe wa Sharqiyah, mkoa wetu ule, hula dagaa wakavu wanaoletwa kutoka Sur, pwani, wakichanganywa na tende mbovu, na kaka hakuzoea kabisa. "Ng'ombe wa Tabora ukimpa dagaa," alikuwa akisema, "atakuuliza kama umerogwa." Wifi yangu alimjibu kwamba huyu wa hapa anapata kitoweo kuliko sisi.

Miaka ikapita hivyo. Halafu habari zikaenea kwamba serikali inawasaidia wakulima na wafugaji. Mwenye kisima atachukua mashine ya dizeli, serikali italipa nusu. Mwenye ng'ombe atapewa shayiri kwa bei ndogo. Watu hawakuamini mwanzoni. Kisha pikapu ya kwanza ikapita barabarani na mashine ya kijani mgongoni, imefunikwa turubai kama bibi harusi, na kila mtu akaamini.

Kaka alikwenda kuchukua fomu. Ilikuwa ya Kiarabu, naye herufi zilimsumbua. Mimi nilisoma chuo cha Kurani utotoni, na nilikuwa nikihudhuria darasa la watu wazima, kwa hiyo kalamu nikaishika mimi. Jina, kabila, mitende mingapi, mifugo mingapi. Mwisho kulikuwa na swali kuhusu umbali wa kisima kutoka kwenye falaji. Tulishasikia kwamba falaji ina harimu yake, yaani eneo lisiloruhusiwa kuchimbwa kisima, dhiraa mia tatu kila upande. Hilo halikututia wasiwasi. Tulichukua kamba, kaka akaipima kwa mkono wake, kiwiko mpaka ncha ya kidole, tukaifunga mafundo, tukaanza kupima kutoka pale maji ya falaji yanapotokea juu ya ardhi, penye mtende mkubwa na wanawake wafuao nguo, mpaka kisimani kwetu. Tulihesabu dhiraa mia nne na zaidi. Nilikuwa nimechoka kwa jua. Nilikaa juu ya kifusi cha mawe karibu na uzio wetu, nikaweka fomu pajani, nikaandika 420.

Vifusi vile vilikuwa vingi pale, vimepangana kuelekea mlimani, kila kimoja kimefunikwa bapa la jiwe. Tulidhani ni visima vya watu wa zamani vilivyofukiwa. Hatukumuuliza mtu. Wakili alikuwa Muscat akitibiwa macho, akakaa huko zaidi ya mwaka.

Bwana shamba alikuja kukagua. Alikuwa Msudani, kijana mrefu mpole, anayemwita kila mwanamke "ya khalti", yaani mama mdogo. Tulimwonyesha maji yanapotokea, tukamwonyesha kisima. Alitazama huku, akatazama kule, akapiga muhuri. Naye alikuwa mgeni kama sisi.

Mashine ilipowaka mara ya kwanza kaka alisimama mbele ya bomba, maji yakamrowesha kanzu mpaka kifuani, na hakusogea. Wifi alipiga vigelegele. Mwaka ule tulipanda jani la malisho, lile waliitalo gati, likaota kijani kibichi mpaka linaumiza macho. Kaka alipanda mitende michanga kumi na miwili. Ng'ombe wakawa watano, wakawa tisa. Shayiri ya serikali ililundikwa ukumbini kwa magunia. Watu walianza kumsalimu kaka kwa jina la mtoto wake wa kwanza, baba fulani, kama wanavyosalimiana wenyewe.

Wakili aliporudi kutoka Muscat alikuja kutuona. Nilikuwa nimekaa nje juu ya kifusi kilekile, na birika la chai miguuni.

"Dada, umekaa juu ya nini?"

"Juu ya mawe, bwana."

"Inuka."

Niliinuka. Alishika bapa la jiwe akalisukuma kwa mguu. Chini palikuwa na shimo jembamba jeusi. Aliokota kokoto akaliachia. Ilichukua muda, halafu tukasikia maji. Hayakuwa maji yaliyotulia, yalikuwa yanakwenda.

"Umekaa juu ya falaji," akasema.

Ndipo akatueleza. Pale wanawake wafuapo nguo ni mdomo tu. Falaji yenyewe inatoka mlimani chini ya ardhi, mwendo mrefu, na vile vifusi ni midomo ya mashimo waliyoshukia wachimbaji, na ambayo bado watu hushukia kuisafisha. Inapita kando ya uzio wetu. Kutoka jiwe nililokalia mpaka kisimani hazikufika dhiraa mia.

Kaka alikuwa amekuja na jembe mkononi. Alisikiliza, kisha akauliza, "Mbona hamkutuambia?"

"Hamkuuliza, na ndoo haikuwa ikitudhuru. Mtoto wa hapa haambiwi. Anajua."

"Basi mimi si mtoto wa hapa."

Mzee akalirudisha lile bapa mahali pake. Nadhani aliona alivyomchoma. Akasema kwa sauti nyingine, "Mwanangu, kifunge hiki. Chimba ng'ambo ya wadi. Mimi nitazungumza na mwenye ardhi."

"Nitafunga nikishavuna gati."

"Lipi? Gati huvunwa kila mwezi."

"Basi mwezi ujao."

Hakufunga. Na mimi sikumshika kanzu nikamwambia funga. Niliangalia ng'ombe, niliangalia watoto wa kaka wanakunywa maziwa, nikasema moyoni kwamba falaji imeishi miaka yote hiyo, haitakufa kwa mashine moja. Mwaka uliofuata bwana shamba alikuja tena, kwa ajili ya msaada wa shayiri. Alifungua faili lake akaniuliza, "Ya khalti, vipimo ni vilevile?" Nilikuwa nimeshajua. Kaka alikuwa amesimama nyuma yangu, hakunihimiza, hakunigusa. Nikajibu, "Ni vilevile." Neno hilo nililitamka mwenyewe, na nimelibeba mwenyewe.

Lazima niseme pia kwamba mashine hazikuwa moja. Upande ule wa wadi zilikuwepo nyingine nne au tano, na zote zilipata msaada kama yetu. Zikiwaka asubuhi ungedhani kijiji kina mapigo ya moyo. Silisemi hili nipunguziwe. Nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Dalili ya kwanza ilikuwa penye mdomo wa falaji. Wanawake walikuwa wakifua wakiwa wamesimama ndani ya maji mpaka kwenye muundi. Kiangazi kimoja wakawa wanachutama. Hakuna aliyenilaumu. Walinisogezea nafasi tu, wakaendelea na mazungumzo yao, na nilipokaa wakapunguza sauti.

Dalili ya pili ilikuwa kwetu wenyewe. Mashine ilianza kuvuta hewa. Ilikuwa ikikohoa, maji yanakatika, yanakuja na mchanga. Fundi wa mashine alisema haiwezi kuvuta maji kutoka mbali. Maji yakishuka, nayo lazima ishuke. Kwa hiyo wakachonga ubavu wa kisima, wakamimina saruji, wakaiteremsha mashine ikae humo kama mtu aliyekaa kwenye ngazi. Mwaka mmoja ikafaa. Wakaiteremsha tena. Kaka alijifunza kushuka kwa vyuma alivyovipachika ukutani. Kila asubuhi alishuka kuiwasha, na nilikuwa nikimwona kichwa kinapotea, kisha nasikia ile sauti inatoka chini ya miguu yetu badala ya kutoka uani.

Wifi hakuipenda sauti hiyo. "Kama kuna mtu amefungiwa," alisema.

"Ni mashine, mama," kaka akamjibu. "Mtu angeomba chai."

Mitende ya kijiji ilianza kukauka kuanzia nchani mwa makuti. Siku moja Ijumaa baada ya sala kaka alirudi nyumbani mapema. Watu walimsalimu, alisema, lakini hakuna aliyemwita jina la mwanawe. Alikaa juu ya gunia la shayiri akivua viatu, akavivaa tena, akavivua.

"Kifunge, kaka," nikamwambia. Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyosema.

"Nikikifunga ninabaki na nini? Mawe ya babu?"

"Una ng'ombe."

"Wanywe nini, mdogo wangu? Mate yangu?"

Maji yalishuka zaidi mwanzoni mwa 1984, na mwezi wa sita mashine ikateremshwa mara ya tatu. Safari hii bomba la moshi halikufika juu. Lilikomea chini ya mdomo wa kisima, kama kimo cha mtu na nusu. Kaka alisema kuna duka la mabomba Nizwa, atakwenda mwisho wa mwezi akipata usafiri, alete kipande cha kuunganisha. Mwisho wa mwezi ulipita. Ng'ombe mmoja alikuwa anazaa. Tukasema mwezi ujao.

Jumatano Ibra kuna soko la wanawake. Wifi alikwenda na watoto wadogo, mimi nikabaki kwa sababu ya ng'ombe aliyezaa. Hapakuwa na upepo hata kidogo. Moshi ulikuwa ukitoka kisimani unalala palepale, hautawanyiki. Niliuona. Niliona na nikasogeza nguo nilizoanika zisinuke. Saa nne hivi mashine ilibadilika sauti. Kaka akasema mkanda umelegea, akashika spana akashuka. Alitakiwa kuizima kwanza. Lakini kuiwasha tena ilikuwa taabu, mkono wake ulikuwa unauma bega, na alikwisha kufanya hivyo mara nyingi.

Nilikuwa nakata gati. Nilimsikia akigonga chuma mara mbili, tatu. Halafu nikasikia mashine tu. Nilikata konzi nyingine ya majani. Ndipo nikaita, "Kaka!" Sikujibiwa. Nilikwenda nikainama, moshi ukanipiga usoni, nikaona mgongo wa kanzu yake chini, ameegemea mashine kama anaisikiliza.

Nilipiga kelele. Wa kwanza kufika alikuwa wakili, alikuwa akipita kukagua vifusi vyake. Nilikwisha kuweka mguu kwenye chuma cha kwanza. Alinishika mkono akanivuta nikaanguka chali.

"Usishuke! Ukishuka mtakuwa wawili!"

"Kaka yangu yumo!"

"Zima mashine! Mafuta yanatoka wapi? Dada, mafuta yanatoka wapi?"

Pipa la dizeli lilikuwa juu, pale pale uani, na mpira unaoshuka kisimani, na koki ambayo mimi mwenyewe niliifungua kila siku. Haikunijia akilini mpaka alipouliza. Nikakimbia nikaifunga. Lakini mpira ulikuwa mrefu, umejaa mafuta, na mashine iliendelea. Tulisimama pale wawili tukiisikiliza. Watu wengine walikuja, wakasimama nao. Ilipiga, ikapiga, ikakohoa, ikapiga tena. Sijui ilichukua muda gani. Ilipozima, kimya kilikuwa kikubwa hata ng'ombe waliinua vichwa.

Wakamwaga maji kisimani, wakateremsha na kupandisha matawi kufukuza hewa ile, wakangoja, na mtu akashuka amefungwa kamba. Walipompandisha kaka, midomo yake ilikuwa myekundu kama ya mtu mwenye afya. Wifi aliporudi sokoni na kikapu kichwani, alimtazama usoni akasema, "Amelala tu. Muamsheni." Tulimzika kabla ya alasiri. Wanaume wa falaji walimbeba, wote, hata wale ambao mitende yao ilikuwa imekufa.

Wifi akakaa eda. Katika miezi ile bwana shamba alikuja. Alikuwa na huzuni ya kweli, alishindwa kumaliza chai. Alisema sasa zipo mashine za umeme zinazozama ndani ya maji zenyewe, mtu hana haja ya kushuka, na serikali inasaidia, na yatima watatangulizwa. Alikuwa amekuja na fomu tayari. Wifi, kutoka nyuma ya pazia, akasema, "Muulize wifi yangu. Yeye ndiye anayejua kuandika."

Niliichukua fomu. Nikafika kwenye lile swali. Nikaweka kalamu chini, nikamwambia yote, kutoka kamba ya mafundo mpaka siku ile aliyoniuliza kama vipimo ni vilevile. Alinisikiliza amejishika paji la uso.

"Ya khalti, kwa nini unaniambia sasa? Hakuna aliyeuliza."

"Ndivyo tulivyokosea mwanzo," nikasema. "Kwa kutouliza."

"Nikiandika hivi hampati mashine. Na ng'ombe mtawauza."

"Andika," akasema wifi.

Akaandika. Mimi nikatia saini. Ng'ombe waliuzwa kabla ya mwezi kwisha, wote isipokuwa yule aliyezaa na ndama wake. Wanaume walikuja na kamba na miti, wakaipandisha mashine, wakakifunika kisima kwa mapande ya zege. Nilidhani falaji itapanda. Haikupanda. Zile mashine nyingine ziliendelea kupiga ng'ambo ya wadi kila asubuhi.

Mitende michanga ya kaka ilikuwa kumi na miwili, na tulikuwa tukiinywesha kwa ndoo kutoka mbali. Majira ya baridi wakili alikuja akasema wenye falaji wamekaa, wamewapa yatima zamu moja katika kila mzunguko, bure, mpaka wakue. Wifi alilia. Zamu moja, mzee alisema, zamani ilinywesha shamba zima na kubakiza.

Siku ya zamu yetu ya kwanza nilifungua mfereji kwa jembe kama alivyonielekeza. Maji yalikuja polepole, yanasukuma vumbi na majani makavu mbele yake. Yakafika mtende wa kwanza, yakazunguka shina, yakaingia ardhini. Yakafika wa pili. Wa tatu yalichukua muda mrefu kuufikia. Wakili alikuwa amechutama mferejini na saa yake ya mkononi, ameileta karibu kabisa na macho. Maji yalikuwa yanausogelea wa nne, yamebakisha kama dhiraa mbili.

"Dada," akasema bila kunitazama, "muda umekwisha."

Nikachota udongo, nikaziba.